Dakika za Lala Salama

   

Leo tuzungumze juu ya kupindua meza. Timu iko nyuma, jua linazama, wapinzani wameanza kupongezana, halafu mambo yanageuka. Aliyekuwa anaondoka na ushindi anaondoka ameinamisha kichwa, na aliyekwisha kuombolezewa anabebwa mabegani.

Nimechagua jambo hili kwa sababu ya tabia ninayoiona hapa kwetu Ikola. Siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapobaki nchi kavu kwa kuwa taa hazivuti samaki chini ya mwezi mkali, vibanda vyetu vya mpira hujaa mpaka mlangoni. Sasa timu ikifungwa mbili bila, ikifika dakika ya themanini, utawaona watu wanainuka, wanatafuta ndala zao, wanasema, "Mechi imeisha hii." Kauli hiyo ndiyo ninayoipinga leo, na ninaipinga kwa moyo wangu wote. Mechi haijaisha. Dakika zilizobaki ni mali ya timu iliyo nyuma. Mpinzani hawezi kuichukua mali hiyo. Anayeweza kuitupa ni mwenyewe.

Ushahidi wangu sitautoa mbali. Ziwa letu Tanganyika linagusa nchi nne: Tanzania, Congo, Zambia na Burundi. Na kwa kila jirani mmoja kati ya hao watatu, sisi Watanzania tuna kisa cha kupindua meza. Tuanze na Zambia, kule ncha ya kusini.

Mwaka ni 1979, Klabu Bingwa Afrika. Simba ya Dar es Salaam imepangwa na Mufulira Wanderers, timu ya ukanda wa migodi ya shaba. Mchezo wa kwanza uko Dar es Salaam, kwa wenyeji. Simba inapigwa mabao manne kwa bila, nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Vijana mnaosikiliza, jaribuni kuliweka jambo hilo moyoni. Umefungwa nne kwenye uwanja wako, na sasa unatakiwa kusafiri kwenda kwa huyo huyo aliyekufunga nne. Kwa hesabu ya kawaida, safari ile ilikuwa ya kwenda kukamilisha ratiba tu.

Simba ilikwenda Zambia ikashinda mabao matano kwa bila. Thuwein Ally alifunga matatu peke yake, na George Kulagwa akafunga mawili. Jumla matano kwa manne, Mufulira nje. Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na haikupata mpaka miaka ya 1990. Habari ile watu waliipokea kwa redio, kama mnavyonisikia mimi sasa hivi. Wazee wetu walioisikia bado wanaisimulia, na ukiwasikiliza vizuri utaona kwamba hawaisimulii kama muujiza. Wanataja majina ya wafungaji, wanataja idadi, wanataja kwamba hata bao la nne lilikuwa halijatosha, kwa kuwa lilisawazisha tu. Ilibidi litafutwe la tano.

Hapo nataka msikilizaji asimame kidogo. Timu iliyo nyuma kwa manne haiwezi kufunga manne kwa mkwaju mmoja. Inafunga moja. Ikishafunga moja, inakuwa nyuma kwa matatu, na mchezo wenyewe umebadilika sura. Nina hakika hakuna mtu aliyepata kupindua matokeo makubwa akiwa anayatazama yote kwa pamoja. Watu huyapindua bao kwa bao.

Na mwaka huohuo wa 1979, mwezi wa Agosti, Zambia ilitupa kisa cha pili. Safari hii ilikuwa timu yetu ya taifa, Taifa Stars, ikiwania kwenda Fainali za Mataifa ya Afrika nchini Nigeria. Tulishinda bao moja Dar es Salaam. Tukaenda Ndola, katika ukanda uleule wa shaba. Zambia wakapata bao, uwanja wao ukawaka, hesabu ikawa sawa, na saa ikawa inakwenda. Ndipo Peter Tino akasawazisha mwishoni mwishoni. Moja kwa moja. Tanzania ikafuzu fainali za mwaka 1980 kule Lagos, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Tukasubiri mpaka mwaka 2019 kwenda tena. Miaka 39! Bao moja la dakika za lala salama ndilo lililobeba kumbukumbu ya kizazi kizima.

Sasa, wapenzi wasikilizaji, naomba nitoke kidogo nje ya ziwa. Kuna mchezo wa mbali ambao umenifundisha kuuelewa mpira wetu wenyewe. Ni besiboli, mchezo unaopendwa mno Marekani na Japani. Kwetu si mgeni kabisa. Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ina kiwanja chake kilichojengwa kwa msaada wa Wajapani, na mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikwenda Marekani kushindana katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto.

Katika besiboli mrushaji anarusha mpira na mpigaji wa timu pinzani anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia vituo vitatu mpaka arudi nyumbani, na hapo timu yake inahesabiwa pointi. Timu inapokezana na mwenzake kupiga, vipindi tisa, na katika kila kipindi inaendelea kupiga mpaka watu wake watatu watolewe. Tatu mara tisa, ishirini na saba. Mchezo huo hauna dakika tisini. Hauna filimbi ya muda. Ukiwa mbele, huwezi kuukumbatia mpira ukasubiri saa iishe. Huwezi kujiangusha. Lazima umrushie mpinzani mpira, lazima umpe nafasi ya kupiga, mpaka mtu wake wa ishirini na saba atoke. Nafasi zake ni zake.

Ndiyo maana mwaka 2004 lilitokea jambo ambalo Wamarekani wanalisimulia mpaka leo. Boston Red Sox walikuwa wanacheza na New York Yankees mfululizo wa michezo saba, wa kwanza kushinda minne anaingia fainali kuu. Yankees walishinda mitatu ya kwanza. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kutoka kwenye shimo hilo katika ligi hiyo. Mchezo wa nne, kipindi cha tisa, cha mwisho, Boston wako nyuma nne kwa tatu, na anayewarushia ni Mariano Rivera, mrushaji aliyeogopwa kuliko wote katika kumalizia mechi. Boston wakapata mtu kwenye kituo cha kwanza. Wakamtoa, wakamwingiza Dave Roberts kwa kazi moja tu, kukimbia. Kila mtu uwanjani alijua atakimbia. Akakimbia, akakipata kituo cha pili kwa nafasi ndogo sana. Bill Mueller akapiga, Roberts akafika nyumbani, nne kwa nne. Kipindi cha kumi na mbili David Ortiz akapiga mpira ukatoka nje ya uwanja, na Boston wakashinda. Wakashinda na uliofuata, na uliofuata, na wa saba. Kisha wakachukua ubingwa waliokuwa wameukosa tangu mwaka 1918.

Tazameni alichokifanya Roberts. Hakufunga pointi nne. Alisogea kituo kimoja. Bila kituo kile, pigo la Mueller lisingemfikisha mtu nyumbani, na Ortiz asingepata nafasi ya kupiga mpira wake.

Sisi katika soka hatuna ulinzi ule wa besiboli. Kwetu aliye mbele anaweza kupoteza muda, anaweza kwenda kona ya uwanja akaugandamiza mpira, kipa anaweza kuumwa tumbo ghafla. Kwa hiyo timu yetu iliyo nyuma inapigana na wawili, mpinzani na saa. Ndiyo maana nasema thamani ya kila dakika kwetu ni kubwa zaidi, na dhambi ya kuitupa ni kubwa zaidi pia.

Turudi ziwani. Desemba 2018, Klabu Bingwa Afrika, Simba tena, na Zambia tena. Safari hii ni Nkana ya Kitwe. Mchezo wa kwanza Nkana wameshinda mbili kwa moja. Marudiano Dar es Salaam, tarehe 23, na Nkana ndio wanaotangulia kwa bao la Walter Bwalya. Jonas Mkude akasawazisha, Meddie Kagere akaongeza la pili. Hesabu ya jumla ikawa tatu kwa tatu, mabao ya ugenini yakalingana, na kila mtu akaanza kufikiria penalti. Dakika za mwisho kabisa Clatous Chama akaugusa mpira kwa kisigino, wavuni. Chama ni Mzambia! Mzambia aliyevaa jezi nyekundu ya Simba ndiye aliyeitoa timu ya Zambia.

Miezi mitatu baadaye ikaja zamu ya Congo. Machi 16, 2019, mchezo wa mwisho wa makundi, Simba na AS Vita ya Kinshasa, chini ya kocha Florent Ibenge. Mwezi wa Januari Vita walikuwa wameifunga Simba mabao matano kwa bila kule Kinshasa. Siku ile Simba ilihitaji ushindi na si kitu kingine, sare ilikuwa inawatoa. Vita wakatangulia mapema kupitia Kazadi Kasengu. Mohamed Hussein, Tshabalala, akasawazisha kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili chote kikaenda, dakika baada ya dakika, moja kwa moja. Dakika ya tisini, Chama yuleyule akafunga. Simba robo fainali.

Kitu kinachonigusa katika mechi hizo mbili ni kwamba Simba, saa ilipokuwa inawatisha, waliendelea kuchezesha mpira chini, pasi kwa pasi, kama walivyoanza. Hawakugeuka timu ya kupiga mipira mirefu na kuomba Mungu. Kisigino kile hakikuwa cha mtu aliyepaniki. Mtu aliyepaniki hapigi kisigino, anapiga shuti la macho yaliyofumba.

Na Burundi? Mji wa Bujumbura umekaa kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hilihili. Septemba 2019 Taifa Stars walikwenda pale kuwania kuingia makundi ya kufuzu Kombe la Dunia la Qatar. Cedric Amissi akawafungia Burundi zikiwa zimebaki dakika chache. Timu nyingi hapo zingelala. Dakika chache baadaye Simon Msuva akasawazisha. Marudiano Dar es Salaam yakaisha moja kwa moja pia, na mikwaju ya penalti Tanzania ikashinda tatu kwa bila. Langoni alikuwa Juma Kaseja. Mnamkumbuka? Ni yule aliyedaka mwaka 2003, Simba ilipowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti ndani ya Cairo. Miaka 16 imepita kati ya siku hizo mbili. Wengi walikuwa wamekwisha kumwandikia Kaseja wasifu wa mstaafu. Yeye alikuwa bado anafanya mazoezi.

Hayo ni matamu. Lakini mzungumzaji mkweli lazima aseme na machungu, kwa sababu meza inapopinduliwa, kuna mtu upande wa pili inayemwangukia. Na sisi imetuangukia.

Oktoba 2021, Simba walishinda mbili bila ugenini Botswana dhidi ya Jwaneng Galaxy. Marudiano Uwanja wa Benjamin Mkapa, wakatangulia tena kwa bao. Tatu kwa bila jumla, nyumbani. Nani angedhani? Jwaneng wakafunga matatu kipindi cha pili, wakasonga mbele kwa mabao ya ugenini. Jambo lilelile Simba walilowafanyia Mufulira, la kwenda kwa mwenye nyumba ukiwa umekufa na kutoka ukiwa hai, nao wakafanyiwa.

Kisha Januari 21, 2024, mji wa San Pedro, Ivory Coast, Fainali za Mataifa ya Afrika. Taifa Stars na Zambia. Msuva anafunga mapema, dakika ya kumi na moja. Kabla ya mapumziko Zambia wanapewa kadi nyekundu, wanabaki kumi. Sisi tuko kumi na mmoja, tuko mbele, na tunawania ushindi wetu wa kwanza kabisa katika fainali hizo tangu 1980. Dakika ya themanini na nane, Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Mwisho wa kundi tulikuwa na pointi mbili. Congo walioshika nafasi ya pili na kusonga mbele walikuwa na tatu. Zile pointi mbili zilizoachwa San Pedro zingetuvusha.

Nimeitazama mechi ile tena na tena, na maoni yangu ni haya. Zambia wakiwa kumi waliendelea kuutafuta mchezo. Sisi tuliokuwa kumi na mmoja tulianza kuutafuta mwisho. Tulirudi nyuma, tukawapa mpira, tukaitazama saa. Yale yaliyotupa bao, kukimbia mbele na kuwabana mapema, tuliyaacha. Mara nyingi anayebadilika vibaya ni aliye mbele. Aliye nyuma hana la kulinda, kwa hiyo anabaki na kazi yake tu.

Na hilo lipo hata nje ya soka. Septemba 2025, Tokyo, mbio za marathoni za ubingwa wa dunia. Alphonce Simbu wetu alikuwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros wakati wanaukabili utepe, baada ya kilomita 42. Simbu akajitupa mbele. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na dhahabu ikaamuliwa kwa sehemu 3 za mia moja ya sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Ingekuwaje kama Simbu angekubali, zikiwa zimebaki mita hamsini tu, kwamba fedha nayo si haba?

Sasa nageukia kwetu, kwa sababu mazungumzo haya yasipofika kwenye viwanja vyetu hayana maana. Katika ligi zetu za kata na za wilaya kuna ugonjwa mmoja unaoniumiza sana. Timu ikifungwa la pili, ikaona mwamuzi hakuitendea haki, nahodha anawaita wenzake, wanatoka, mechi inasusiwa. Mashabiki wanapiga makofi kana kwamba wametetea heshima. Ndugu zangu, mmetetea nini? Mmechukua dakika ishirini ambazo hakuna mpinzani angeweza kuwanyang'anya, mkazitupa wenyewe. Kama mwamuzi amekosea, andikeni malalamiko yenu kwa chama baada ya filimbi ya mwisho. Simba hawakususia marudiano na Mufulira. Walipanda safari.

Makocha wetu wa vijana, nawaomba jambo moja mlifanye wiki hii hii. Mnapogawa timu mbili mazoezini, msianze kila mara bila kwa bila. Waambieni upande mmoja, "Mko nyuma mbili kwa bila, zimebaki dakika kumi na tano." Halafu kaeni mtazame. Nani anaanza kugombana na mwenzake? Nani anapiga mbali ovyo? Nani anauchukua mpira wavuni upesi baada ya bao la kwanza na kuukimbiza kati? Huyo wa mwisho ndiye nahodha wenu, hata kama ni mdogo kwa umri. Na upande unaoongoza, msiwaruhusu kulala. Waambieni waendelee kufanya lile lililowapa uongozi, kwa sababu hilo ndilo wanalolijua.

Na ninyi wazazi na mashabiki, mnaposimama kando ya uwanja, msiwatukane watoto wakifungwa mapema. Mtoto anayetukanwa dakika ya ishirini hawezi kufunga dakika ya tisini. Atakuwa amekwisha kuondoka moyoni, amebaki miguu tu.

Kwa hiyo, wapenzi wasikilizaji, mkiwa kibandani na timu yenu iko nyuma, kaeni. Tiketi mmelipia dakika tisini na za nyongeza. Mkiwa wachezaji, chukueni mpira, uwekeni kati, chezeni mlichofundishwa, na mtafute bao moja. Moja tu, kisha mtafute lingine. Mkishindwa baada ya hapo mtakuwa mmeshindwa kihalali, mkiwa mmetumia kila kilichokuwa chenu, na aliyewashinda atalazimika kuwaheshimu.